Walirudi Uwanjani

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mwanamume yeyote aliyefiwa, akaambiwa ajikaze, akajikaza mpaka akakauka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Leo nacheka, nakula pamoja na wanangu, na jina la mdogo wangu naweza kulitamka bila koo kunikaba. Kilichonifikisha hapa ni mpira wa magongo wa magurudumu, mchezo ambao wengi hapa Mpanda hawajawahi kuuona, pamoja na habari ya wanaume waliofungwa mabao 18 mbele ya dunia nzima. Najua wapo watakaosema kwamba michezo ni ya watoto. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Nimezaliwa Makanyagio, nikakulia kati ya stesheni na soko. Mji wetu umezaliwa na machimbo. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori la miombo, ililetwa huku mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na babu yangu alifika nayo akiwa kibarua. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Babu akabaki, akaoa, akalima. Habari za risasi zikaisha, za dhahabu hazikuisha. Hata sasa ambapo Katavi ni mkoa kamili, tangu ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kijana akimaliza shule, akiwa hana pa kushika, husikia kwamba mahali fulani mawe yametema, anafunga shuka na sururu, anaondoka.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliondoka hivyo. Hakuwa mtu wa fujo. Alitaka mtaji wa pikipiki, basi. Msimu huo mvua ilinyesha mfululizo, udongo ukanywa maji ukashiba, na asubuhi moja duara, yaani shimo, walilokuwa wakichimba likatitia. Wenzake waliokuwa juu walivuta kamba mpaka ikatoka tupu. Ilichukua hadi siku ya pili kumfikia chini ya kifusi. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua, kwa kuwa baba alikwisha kutangulia na mama asingeweza.

Tulipomaliza kuzika, kila mzee aliyenishika mkono aliniambia maneno yaleyale: jikaze, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii, mama anakutazama wewe. Waliyasema kwa upendo, na mimi niliyapokea kama amri. Sikulia msibani. Sikulia arobaini. Nikafungua tena meza yangu ya viatu vya mtumba soko la Buzogwe, nikawa nauza na kurudisha chenji, na watu wakasema nimepoa haraka.

Hawakuwa wakiniona usiku. Mvua ikianza kupiga bati, mwili wangu wote ulikuwa unasikiliza. Nilitoka nje, nikakaa barazani, nikabaki hapo mpaka ikate. Mke wangu alikuja na kanga mabegani akaniuliza nini tatizo. Nilimjibu kwa kutikisa kichwa. Watoto wakaanza kusema kwa kunong'ona nikiwa ndani. Kwenye kijiwe cha kahawa, ambako zamani nilikuwa mbishi mkubwa wa Simba na Yanga, nikaacha kwenda. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa tu nimefungwa ndani, na ufunguo sikuujua uko wapi. Miaka ikapita katika hali hiyo.

Siku moja nilifungua belo la viatu, na katikati ya raba na buti za watoto nikakuta jozi ya viatu vya magurudumu. Si yale magurudumu mawili mbele na mawili nyuma ambayo baadhi yetu tumewahi kuyaona kwenye sinema. Haya yalikuwa manne kwa kila mguu, yamepangwa kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya jingine. Kiatu chenyewe kilikuwa kigumu, kimepanda juu ya kifundo cha mguu. Kwa mteja wa Mpanda hakikuwa na thamani yoyote. Nikakitia kwenye mfuko kwenda kuwachezesha watoto.

Magurudumu yalikuwa yamekwama kwa kutu. Nikavipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea, akang'oa gurudumu, akatoa beringi yake, akaipangusa kwa kidole na kusoma namba ubavuni: 608. Akacheka kwa furaha. "Hii mbona ninayo, kaka. Imo kwenye mashine chungu nzima." Akaenda kwenye rundo la mashine zake mbovu, akarudi na beringi za ukubwa uleule, milimita 8 tundu la kati na 22 upana wa nje. Zile ambazo kutu haijazila tukaziloweka kwenye mafuta ya taa, tukazisugua kwa mswaki wa zamani, tukazikausha juani na kuzitia tone moja moja la oili ya cherehani. Gurudumu la kwanza alilolizungusha kwa kidole lilizunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka sisi tukiwa tumenyamaza tunalitazama. Tangu msiba, lilikuwa jambo la kwanza nililotamani kulitazama hadi mwisho.

Jirani na kwetu kuna godauni la zamani la tumbaku. Tumbaku ya Katavi ilipokuwa na msimu mzuri, humo ndani marobota yalipangwa hadi kwenye kenchi. Siku hizi liko tupu, sakafu yake ni ya zege lililosuguliwa na miaka ya miguu na mikokoteni hadi likateleza. Mwenye nalo alinikubalia nitumie jioni. Nikaanza kujifunza humo peke yangu, nimeshika ukuta. Nilianguka sana. Ajabu ni kwamba nilipoanguka kwenye zege na kuumia goti, nilisikia uchungu ulio wa goti tu, unaojulikana unatoka wapi na utaisha lini. Hilo peke yake lilikuwa nafuu kubwa kwangu.

Hapo ndipo mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa jeshi, aliponikuta. Aliingia na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivyo viatu umevipata wapi?"

Nikamweleza. Akanitazama nikizunguka, kisha akasema, "Hapo umekosa gongo tu." Kesho yake akaja na gongo. Lilikuwa gongo la kweli la mpira wa magongo, limepinda nchani, mpini umefungwa mpira mweusi uliochakaa. Alikuwa akicheza jeshini ujanani, na gongo lake hakuwahi kuligawa. Tukaketi kwenye kizingiti cha godauni, na jioni hiyo akanisimulia habari ya Moscow.

Mwaka 1980, alisema, nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda juzi tu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Miaka minne nyuma, Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Safari hii wakubwa wengine ndio waliosusa, kwa ajili ya Urusi ya wakati ule, Umoja wa Kisovieti, kuingia Afghanistan, na Kenya, mababe wa mpira wa magongo katika ukanda wetu, nao hawakwenda. Sisi tulikwenda. Kila Mtanzania mwenye umri anakumbuka kwamba Filbert Bayi alirudi na medali ya fedha ya mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000. Ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo mpaka leo.

"Sasa sikiliza," mzee akasema. "Walikuwepo na wengine ambao hatuwataji. Timu ya taifa ya magongo ya wanaume ilikuwa Moscow. Timu zilikuwa 6 tu duniani zilizocheza, na Tanzania ilikuwa moja."

Mechi yao na India ilichezwa tarehe 20 Julai. India ilikuwa imekwisha kutwaa dhahabu ya Olimpiki mara 7 katika mchezo huo. Vijana wetu walikuwa wamelelewa kwenye viwanja vya nyasi na udongo. Kule waliwekwa kwenye kapeti la bandia ambalo mpira hupita juu yake kwa kasi nyingine kabisa. Mchezo wa siku hizo ulikuwa wa dakika 70, na kubadilisha wachezaji kulikuwa kwa nadra, hakukuwa na huyu anatoka huyu anaingia kama sasa. Ukiingia, umeingia. Matokeo yalikuwa India 18, Tanzania 0.

Nikasema, "Mzee, hiyo ni aibu."

Hakukasirika. Aliuliza, "Unajua baada ya hapo walifanya nini?"

Nikasema sijui.

"Walirudi uwanjani. Ratiba ilikuwa bado. Kulikuwa na Hispania, kulikuwa na Urusi, Poland, Cuba. Wakavaa jezi, wakatoka."

"Walirudi watu walewale?"

"Walewale. Wengine wangetoka wapi?"

Sijui kwa nini maneno hayo yaliniingia kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia. Wengine wangetoka wapi? Nyumbani kwetu baba hayupo, mdogo wangu hayupo. Mama anahitaji mtoto, mke wangu anahitaji mume, wanangu wanahitaji baba, na wa kusimama mahali hapo ni mimi huyuhuyu niliyepigwa. Hakuna mwingine atakayetumwa. Nililia pale kizingitini, mzee ameshika gongo lake, hakuniambia nijikaze. Aliniacha mpaka nilipomaliza, kisha akaendelea na hesabu zake kana kwamba kulia ni sehemu ya mazungumzo.

Hispania iliwafunga 12. Urusi 11. Poland 9. Cuba 4. Katika mechi 5 za awali waliokota wavuni mabao 54. Na 41 kati ya hayo yalifungwa na timu tatu ambazo ndizo zilizogawana medali zote: India dhahabu, Hispania fedha, Urusi shaba. Lakini wao nao walifunga 3. Bao moja walilifunga kwa Poland, na mawili waliwafunga Warusi, nyumbani kwao Moscow. Halafu wakarudi tena kucheza na Cuba kuwania nafasi ya tano, wakafungwa 4, wakafunga 1. Wakamaliza wa sita.

Mengi ya hayo niliyahakikisha baadaye, na kila nikiyasoma naganda kwenye yale mabao mawili. Fikiria mtu ambaye amekwisha kupigwa na kila aliyekutana naye. Mbele yake wamesimama wenyeji, wana miili, wana mazoezi, wana uwanja. Na bado ana moyo wa kuinua kichwa, kutazama goli lilipo, na kupiga. Mara mbili. Watu hawa wangestahili kujulikana na kila mtoto wa shule katika nchi hii. Medali inatufundisha kushinda, na kushinda ni jambo jema, lakini siku nyingi za mwanadamu ni za kufungwa, na ni nani atufundishe namna ya kurudi?

Baada ya jioni ile mzee akawa kocha wangu. Yeye alijua gongo, mimi nilianza kujua magurudumu, na simu ikatuunganisha na watu waliokwisha kuviweka viwili hivyo pamoja. Hatukulazimika kwenda mbali. Nairobi, kwenye Barabara ya Mombasa, hoteli ya Panari ilifungua mwaka 2005 kiwanja kidogo cha barafu, na hapo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Wengi wa vijana wale walianzia mitaani, kwenye viatu vya magurudumu kama vyangu, wakahamisha miguu yao kutoka lami kwenda barafu. Kwa miaka mingi hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo nchini. Waligawana wenyewe kwa wenyewe, wakafanya mazoezi ya mechi ambayo haijulikani itakuja lini. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, nchi ambayo hoki ya barafu ni kama mpira wa miguu kwetu, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Nilipoiona habari ile nilimpelekea mzee simu. Akaisoma taratibu, akasema, "Unaona? Hawakungoja wapinzani ndipo wawe timu."

Magongo ya magurudumu ni ndugu wa mchezo huo wa barafu. Nayo yana mashindano yake ya dunia. Shirikisho hilohilo la barafu liliyaendesha ya kwake kuanzia mwaka 1996 hadi 2017, na chombo kinachosimamia michezo ya magurudumu, World Skate, kina ya kwake pia. Mwaka 2017 michezo yote ya magurudumu ilikusanywa mara ya kwanza mahali pamoja, Nanjing nchini China. Katika bara letu, Afrika Kusini na Namibia zimekuwa na timu za taifa za mchezo huu. Tanzania sijaiona bado, na hamu yangu ya kuiona ni kubwa.

Lakini hata kabla ya kufikia huko, naomba nieleze jinsi mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa sababu uponyaji wangu umo ndani ya sheria zake. Kila timu ina wachezaji wanne na kipa. Badala ya mpira, kuna kisahani cha plastiki kinachoteleza sakafuni. Kugonga mwili wa mwenzako kwa makusudi ni kosa. Na kubwa zaidi, unabadilishana muda wowote, mchezo ukiendelea, bila kumwomba mwamuzi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna paja la binadamu linaloweza kukimbia kwa nguvu zote juu ya magurudumu kwa muda mrefu. Dakika moja hivi ukitoa kila ulicho nacho, miguu inawaka moto, na ukijifanya shujaa ukang'ang'ania ndani, wewe ndiye shimo ambalo adui atapitia. Sharti lako ni kuteleza hadi benchi, kupaza sauti "Badili!", na mwenzako anaruka kuingia kabla hata hujakaa. Unapumua. Unakunywa maji. Zamu yako inarudi.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mwanamume hatoki. Mchezo huu ulinifundisha kwamba kutoka ni wajibu, kwa sababu yupo wa kukupokea, na kwamba ukitoka utarudi.

Leo tuko timu. Tulianza na jozi moja tukiazimana, kila mtu anajaza soksi mpaka kiatu kimtoshe. Wauza mitumba wenzangu wakajua nanunua vitu hivyo, kila belo likitoa jozi wananiwekea. Magongo tunachonga kwa matawi ya mpera yaliyopinda yenyewe. Kisahani tunakikata kwenye vibao vya plastiki vya kukatia nyama vilivyochakaa, tunakisugua kwa msasa mpaka kiteleze. Yule fundi alituchomelea magoli mawili ya nondo, na nyavu zake ni za kuvulia zilizochanika, zilizoletwa na dereva kutoka Karema, ziwani Tanganyika. Wamo madereva wa bodaboda, wamo wanafunzi, yumo mpasua mbao mmoja, na wamo vijana wa machimboni wanaoshuka mjini mwisho wa wiki.

Mmoja wa hao wa machimboni anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Kijana mkimya, mabega mapana, kipa hodari. Jumamosi moja tukiwa katikati ya mazoezi mvua ilishuka ghafla. Mnajua bati la godauni lilivyo: mvua ikipiga, hata kelele zako mwenyewe huzisikii. Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nikateleza hadi benchi, nikaita "Badili!", nikakaa. Yeye alikuwa nje kwa zamu yake. Akaitazama mikono yangu kwa muda. Kisha akainama karibu na sikio langu, maana ndiyo njia pekee ya kusikika, akasema, "Kocha, mimi nilifukuliwa nikiwa hai. Mwenzangu hakutoka."

Nikamtazama. Akarudisha macho uwanjani, akingoja zamu yake.

Nikainama kwenye sikio lake, nikamtajia jina la mdogo wangu. Tangu nilipolitaja kaburini wakati wa kusoma wasifu wake, nilikuwa sijalitamka. Nikamwambia alikuwa anataka pikipiki. Nikamwambia alikuwa na mwanya, na akicheka anafunika mdomo. Kijana akaitikia kwa kichwa kila neno. Kisha mtu akaja kwa kasi kwenye benchi, uso unamtoka jasho, akapiga kelele "Badili!", na zamu ilikuwa yetu sote wawili. Tukainuka, tukaingia, mvua inapiga bati, nasi tunacheza.

Usiku huo nikamwamsha mke wangu, nikamweleza yote niliyoyaona siku ile nilipokwenda kumtambua ndugu yangu. Alinisikiliza hadi adhana ya alfajiri. Akasema, "Nilikuwa nangoja, baba watoto. Nilijua siku moja utaniita." Asubuhi nikaenda kwa mama. Nilidhani nikimtajia mwanawe nitamuumiza; kumbe yeye naye alikuwa ananinyamazia mimi, akiogopa kuniumiza. Tulikaa jikoni tunapembua mchele na kumzungumza, tabia zake, ukaidi wake, alivyokuwa akiiba sukari. Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Sisemi kwamba uchungu umekwisha. Mvua za masika zikianza bado nasikiliza. Tofauti ni kwamba sasa nabaki ndani, na watoto wanakuja kulala karibu yangu, tunasikiliza pamoja. Kijiweni nimerudi, na ubishi umerudi. Mezani kwangu sokoni nauza vizuri zaidi, kwa sababu mteja anataka muuzaji anayemtazama usoni.

Nawaomba mambo matatu wanaonisoma. La kwanza ni kwa maafisa michezo na walimu wa mkoa wetu. Sakafu laini ya saruji, hata ya ukubwa wa kiwanja cha netiboli, ni mtaji wa mchezo mzima. Vijana wa Katavi wana mapafu, wana mizani, wana uthubutu, wapewe mahali. Kama Nairobi, mji usio na majira ya baridi kali, umezaa timu ya barafu, Mpanda yenye zege inaweza kuzaa wachezaji wa magurudumu watakaovaa jezi ya taifa.

La pili ni kwa nchi. Wale wa Moscow ambao Mungu bado amewajalia uhai sasa ni wazee. Watafutwe, wakalishwe, wahojiwe, sauti zao zihifadhiwe. Waulizwe walizungumza nini katika chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi ya India. Waulizwe nani alisimama kwanza. Majibu yao yatatufaa kuliko vikombe vingi.

La tatu ni kwako mwenzangu uliyefiwa, au uliyefilisika, au uliyepigwa na jambo ambalo hujalisema kwa mtu. Tafuta timu. Si lazima iwe ya magongo. Iwe kwaya, iwe kikundi cha kuweka akiba, iwe wazee wa bao. Iwe tu mahali ambapo ukitoka kuna wa kukupokea, na zamu yako ikifika wanakuita kwa jina. Na kama uko Mpanda, godauni liko wazi kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Viatu vya kuazimana vipo. Ukiona huna nguvu ya kucheza, njoo ukae benchi, kwa kuwa hata wa benchi tunawahesabu kuwa wachezaji.